Mwenye Nyumba Hamsemi Mgeni Wake

Latifa, uliponiletea karatasi ya kuniomba "maneno machache ya busara" kwa ajili ya kijitabu cha ofisi, nilikuuliza unataka kurasa ngapi. Ukaniambia mbili, na picha moja nikicheka. Picha sina. Kurasa zimezidi, na busara sijui kama utaiona humu. Lakini meza yangu sasa ni yako, funguo zangu unazo wewe, na daftari la familia za wenyeji nimekuachia kwenye saraka ya kushoto, ile inayokwama. Basi bora ujue mambo yalivyokuwa, kuliko kusoma kijitabu.

Nimestaafu juzi tu. Vyeo sitavieleza, wala mshahara, maana hayo yamo kwenye jalada langu na hayakumfurahisha mtu. Kazi yangu ilikuwa kuwapokea wanafunzi wa kigeni waliokuja chuoni kwetu kusoma Kiswahili na mila, kuwatafutia nyumba za kukaa, na kuhakikisha kwamba sisi na wao tunafahamiana. Hayo ndiyo maneno ya kwenye mkataba. Mimi nilikuwa na haja moja ndogo zaidi, na nimekaa nayo muda wote: nilitaka mtoto wetu mmoja, mmoja tu, naye ende kwao kama wao walivyokuja kwetu. Nitakwambia kwa nini hakwenda.

Siku yangu ya kwanza nilivaa buibui jipya na viatu vilivyonibana. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha chini katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, ukuta ukimwaga chokaa, na kila asubuhi lazima meza ipanguswe kabla hujaweka karatasi. Mkuu wangu alikuwa Mzee Nassor, mtu wa mjini, wa asili ya Kiarabu. Babu zake walikuwa na mashamba ya mikarafuu, yeye alikuwa na kanzu nne na baiskeli. Aliniuliza mgeni akiingia nitamwambia nini. Nilikuwa nimehifadhi hotuba ya Kiingereza, nikaimwaga yote pale, na historia ya kisiwa ndani yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa adabu.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Sasa mpe maji, katoka mbali."

Hicho ndicho kilikuwa chuo changu. Mengine niliyoyapata kwenye semina nimeshayasahau, na vyeti vyake vimeliwa na mchwa.

Zana zetu zilikuwa chache. Palikuwa na shada la funguo, muhuri, kauntabuku lenye majina ya familia, na ramani ya vichochoro niliyoichora kwa mkono wangu, kwa sababu ramani za dukani zilikuwa zikiwapoteza wageni kila siku. Niliweka alama zinazoonekana: mlango uliong'oka nyundo ya shaba, duka la mkaa, msikiti usio na mnara, baraza ya wacheza bao. Kila mwaka ilibidi niichore upya. Duka la mkaa likawa hoteli. Baraza ya bao ikawekwa viti vya hoteli. Kisha familia zenyewe zikaanza kuhama, nyumba zikipangishwa au kuuzwa, wenyewe wakaenda Chukwani, Bububu na kwingineko kwenye hewa. Mwishoni nikawa nawapeleka wageni kuuona Mji Mkongwe mchana, na jioni nawarudisha walikohamia watu wa Mji Mkongwe.

Mzee Nassor alikuwa na desturi moja ya kazi, na ningetaka uisome polepole. Kabla ya kumpeleka mgeni kwenye nyumba yoyote, ilikuwa lazima uende nyumba hiyo mara tatu. Hukuruhusiwa kuuliza kama watampokea mgeni au hawatampokea. Ulikwenda kukaa tu.

"Skiza, mwanangu," aliniambia. "Ukimuuliza mtu, atasema karibu. Nyumba inavuja, atasema karibu. Mume mgonjwa ndani, atasema karibu. Sisi hatukatai kwa mdomo, hukataa kwa mambo mengine. Basi nenda ukayatazame hayo mambo mengine."

Mara ya kwanza, alisema, watakuweka sebuleni na kukupa sharubati. Mara ya pili labda utakaa ukumbini na watu wa nyumba. Mara ya tatu, ukiachwa ukaingia jikoni na ukapewa kazi, hata ya kuchambua mchele, basi nyumba hiyo imekubali. Ukiona mara ya tatu bado uko sebuleni na sharubati mkononi, shukuru, aga, na ulikate jina lao kwa kalamu. Wala usiwachukie, wameshakujibu.

Kwa desturi hiyo ndiyo nilimpata Bi Mwanakheri wa Bububu. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Nyumba yake ilikuwa karibu na ilikopita reli ya zamani, na uwani alifuga kuku wasiokuwa na adabu. Mimi sikusubiri mara ya tatu. Mara ya kwanza tu alinitazama, akanambia nguo niliyovaa imeshonwa na mtu mwenye hasira, akanipa mbuzi nimkunie nazi. Tokea hapo tukawa marafiki. Nilikwenda kwake nikiwa na mgeni na nikiwa sina. Nilikaa kwenye ile mbuzi yake jikoni tukasema watu, tukacheka, nikala, nikaondoka. Hakuwahi hata mara moja kuinuka kunisindikiza. Nikifika mlangoni alinipigia kelele kutoka jikoni: "Rukia, funga mlango, kuku watatoka!"

Bi Mwanakheri alipokea wageni wetu kwa miaka mingi, na hapana aliyeondoka kwake bila ya kulia. Alikuwa na binti mmoja, Saumu, aliyekua mikononi mwangu. Mtoto huyo alisoma Kiingereza kwa wageni wa mama yake, na Kijerumani kidogo, na matusi ya lugha nyingine ambayo nilimkataza.

Kisha Mzee Nassor akastaafu, na zikaja fomu.

Zililetwa na vyuo rafiki vya nje. Kila mgeni akiondoka, mwenye nyumba aulizwe kwa maandishi: umeridhika na mgeni wako? Chagua kutoka moja mpaka tano. Je, lilitokea tatizo lolote? Eleza. Nilimpelekea Mzee Nassor nakala moja nyumbani kwake nipate maoni yake. Aliigeuza, akatazama nyuma kama kuna kitu zaidi, akanirejeshea.

"Yaani umwambie mwenye nyumba amseme mgeni wake kwenye karatasi, kisha aitie saini?"

Nilicheka. Nilimuona mtu wa zamani. Wageni walikuwa washakuwa wengi, kundi baada ya kundi, na mimi peke yangu ofisini. Mara tatu kila nyumba ningezipata wapi? Nikaacha kwenda. Nikawa napeleka fomu kwa tarishi, na fomu zikawa zinarudi zimejaa tano. Hakuna tatizo. Mtoto mzuri. Karibuni tena. Ukizitazama utadhani hapana nyumba hapa Unguja iliyowahi kuudhiwa na mgeni. Mmoja alimpa mtoto wa nyumba sigara, fomu ikasema hakuna tatizo. Mmoja alikuwa akipita ukumbini na taulo mbele ya baba mkwe, hakuna tatizo. Mambo hayo niliyasikia sokoni, baada ya miaka. Kwenye ripoti yangu niliandika kwamba maelewano baina ya wageni na wenyeji ni ya kiwango cha juu, nikasifiwa.

Palikuwa pia na semina, moja ya wageni na moja ya wenyeji, na zote mbili nilizitunga mimi. Wageni niliwafundisha wasivae nguo fupi, wasile kwa mkono wa kushoto, na wasipige picha bila ya ruhusa. Hilo la mwisho nililiandika ubaoni kwa herufi kubwa: OMBA KWANZA. Wenyeji niliwaambia mgeni ni mwoga, yuko mbali na mama yake, anataka kujifunza. Basi akiomba kitu msimvunje moyo, msimkunjie uso, mwonyesheni maisha yetu yalivyo. Niliona fahari kwa semina zangu. Zilikuwa siku mbili tofauti, vyumba viwili tofauti, na mimi ndiye mtu pekee aliyekuwamo katika vyumba vyote viwili. Mmoja nilimfundisha kuomba, mwengine nikamfundisha kutokukataa, na sikuona kitu.

Yale mabadilishano yenyewe, kama jina linavyosema, yalikuwa ya kubadilishana. Wao walikuja. Sisi tuliwapokea. Tuliwapeleka Kizimbani kunusa majani na kuambiwa hii karafuu, hii mdalasini, hii hiliki, na wanafunzi wetu walikwenda pamoja nao wakiwa wamewashikia chupa za maji. Kuna mwaka mwanafunzi wetu mmoja alinong'ona kwamba na yeye angependa kunusa kitu cha kwao, hata theluji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mimi kila mwaka niliandika barua kuuliza lini nafasi zetu zitakuja. Walinijibu vizuri sana. Nina faili zima la majibu mazuri.

Mwisho nafasi ikaja. Moja, ya muhula mmoja, kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Walifanyiwa usaili watu kumi na moja na mimi sikuwamo kwenye kamati, kwa hiyo usinifikirie vibaya. Aliyeshinda alikuwa Saumu. Siku nilipompelekea habari mama yake, Bi Mwanakheri aliiacha cherehani ikakimbia peke yake mpaka ikavuka kitambaa.

Tatizo lilikuwa moja. Saumu alikuwa ameposwa na Idrissa, mwalimu wa hesabu, kijana mzuri kwa kweli, na harusi ilikuwa karibu. Wakakaa wakazungumza. Idrissa akasema aoe kwanza, kisha mkewe ende akasome, muhula si mwaka. Mama yake Idrissa hakulipenda jambo hilo, lakini alilimeza kwa ajili ya mwanawe. Nilijua kamba hiyo ni nyembamba. Nilimwambia Saumu apite taratibu. Nikampa na sweta langu la sufu, nililopewa na mgeni mmoja zamani, akalikunja akalitia kwenye begi ijapokuwa safari ilikuwa bado miezi miwili.

Mwaka huo mgeni wa Bi Mwanakheri alikuwa msichana anaitwa Karin. Nataka uelewe kwamba hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa na raha leo kama angekuwa mbaya. Alikuwa mpole, msikivu, mwenye kuandika kila kitu kwenye kijidaftari, na mambo ya semina yangu aliyajua kuliko mimi. Alikuwa akipiga picha kwa ajili ya kazi yake ya masomo, na kila mara aliomba kwanza.

Harusi ilipokaribia, Saumu akawekwa ndani kama desturi. Somo wake, yule mama wa kumfunda, alikuja kila siku kumsinga kwa singo: liwa, asmini, mawaridi, mlangilangi, vimepondwa vikachanganywa na marashi, akasuguliwa mwili mzima mpaka nyumba ikanuka harusi. Wewe unajua, lakini naandika kwa yule atakayekuja baada yako: bwana harusi mwenyewe hamuoni mwari katika siku hizo. Hata baba hapiti mlango ule. Karin alikuwa mtu wa nyumba, na mwanamke, basi akaachwa aingie. Bi Mwanakheri alimpa heshima hiyo kwa mapenzi.

Siku kumi baada ya harusi chuo kilifanya Siku ya Tamaduni. Karin aliniletea kifaa chenye picha zake kwa ajili ya maonyesho. Mimi nilikuwa nahangaika na mabanda, na viti, na mgeni rasmi ambaye hakuwa amethibitisha kama atakuja. Nikamuuliza kama aliomba ruhusa kwa kila picha. Akasema ndiyo, kila moja. Nilimuamini, na alikuwa mkweli. Nikapiga muhuri karatasi ya uchapishaji bila ya kuifungua hata picha moja, kisha nikaendelea na viti.

Picha yenyewe niliiona ukumbini asubuhi ya sherehe, nikiwa nimebeba sinia ya haluwa. Ilikuwa kubwa kama mlango. Saumu amekaa juu ya mkeka, kanga moja kifuani, mabega wazi, shingo na mikono imepakwa singo, na anacheka. Ilikuwa picha nzuri. Mbele yake walikuwa wamesimama wavulana wa mwaka wa kwanza sita au saba, na wahadhiri wawili, na mmoja katika wavulana wale alikuwa mdogo wake Idrissa. Alinitazama mimi, akaamkia, "Shikamoo Bi Rukia," kisha akatoka nje.

Niliiweka sinia chini, nikavua mtandio wangu, nikaifunika picha mbele ya watu nikiwa kichwa wazi. Sijui nilidhani nafunika nini, kwa sababu maji yakimwagika hayazoleki. Mgeni mmoja akaja akaupiga picha ule mtandio uliotundikwa, akauliza nini maana yake.

Karin nilimwita ofisini. Hakufahamu mpaka nilipomfahamisha, na alipofahamu alilia hata akakohoa. Alinieleza yote, akitaka nione kwamba alifuata niliyomfundisha. Alimuomba Bi Mwanakheri apige picha, na Bi Mwanakheri alimjibu, "Karibu mwanangu, nyumba yako hii." Kisha, akasema Karin, Bi Mwanakheri alikuwa mwema sana. Alimwambia mwanga hautoshi, akalivuta pazia, basi Karin akasogea karibu zaidi. Akamwambia chai yake inapoa kule ukumbini, basi Karin akaenda akainywa upesi akarudi. Mwisho Bi Mwanakheri akachota singo akampaka Karin mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, na Karin akafurahi, akaona kwamba sasa amekuwa mtoto wa nyumba kweli. Akaenda akanawa mikono, akarudi, akapiga picha.

Nilikaa nikamsikiliza. Pazia, chai, mikono. Mara tatu mwanamke yule alimwambia hapana, na kila mara akazidi, na mtoto huyu ananisimulia kuwa amekaribishwa. Nilitaka kumpiga. Halafu nikakumbuka ni nani aliyemwambia Bi Mwanakheri asimvunje moyo mgeni.

Yaliyofuata hayakuwa na kelele. Mama yake Idrissa hakuja kugomba, ila alisema mbele za watu kwamba mkaza mwana wake keshaonekana na mji mzima, basi huko ng'ambo anakwenda kuonekana na nani tena? Idrissa alikuja ofisini mwenyewe, amevaa vizuri. Akakaa, akaulizia afya yangu na ya watoto, akashukuru kwa yote chuo kilichowafanyia.

"Safari tumeona tuiahirishe kidogo, Bi Rukia," akanambia. "Inshallah mwakani."

Maneno hayo nimewafasiria wageni miaka yote. Sikuhitaji kufasiriwa mimi. Mwakani nafasi haikuwapo. Chuo rafiki kiliandika kusikitika kwamba upande wetu haukuwa tayari, na kwamba watatazama uwezekano huo siku za mbele. Barua hiyo pia ni nzuri, imo kwenye faili. Wakubwa wetu wa hapa waliandika kuwa Siku ya Tamaduni ilifana. Hapana aliyesema nimekosa, na mimi sikujisema.

Saumu alikuja mara moja kurudisha sweta. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi, ingawa hakulivaa. Nilimuuliza masomo, akasema atarudi akipata nafasi. Hakurudi. Kisha nikamwambia, kwa upumbavu wangu, kwamba nilipoiona picha nilidhani ameridhia, kwa sababu alikuwa akicheka.

"Mama alinambia nisimkunjie mgeni uso," akasema. "Nkacheka."

Karin alipoondoka nilipeleka fomu Bububu kwa tarishi, kama kawaida. Ilikuwa woga mtupu. Ningekwenda mwenyewe, nikae jikoni, anitukane kwa ile sauti yake mpaka majirani wasikie, tulie, yaishe. Nilijua hivyo na sikwenda. Fomu ilirudi kesho yake. Tano, tano, tano, mpaka chini. Lilitokea tatizo lolote? Hakuna tatizo. Mtoto mzuri. Karibuni tena. Saini yake ya kifundi, imenyooka kama mshono. Fomu hiyo sikuitia kwenye jalada. Ninayo hapa nyumbani, na wakati naandika haya iko chini ya kikasha changu cha miwani.

Kila wiki nilisema nitakwenda wiki ijayo. Hivyo ndivyo ilivyopita miaka. Tulikutana mara mbili tatu kwenye maziko, tukaamkiana vizuri, tukaulizana watoto. Jina lake liliendelea kuwamo kwenye kauntabuku, na wala hakuomba lifutwe.

Sherehe yangu ya kustaafu ulikuwapo, Latifa, ukaona. Walinipa saa ya ukutani na ubao wenye jina langu. Mkubwa mmoja alisema nimejenga daraja baina ya tamaduni. Nilikula biriani yao nikashukuru. Wiki ya pili yake nikavaa nikaenda Bububu.

Nilipiga hodi. Bi Mwanakheri alifungua mwenyewe, amezeeka, miwani imefungwa kwa uzi. Akafurahi, au uso wake ukafurahi. Akanishika mkono, akanipeleka sebuleni, akaniweka kwenye kochi. Nikaletewa sharubati kwenye trei, na kitambaa cha kufumwa juu ya gilasi, na biskuti kwenye zile sahani za maua alizozinunua kwa ajili ya wageni wangu. Saumu alikuja na mtoto wake wa kike, akaniamkia, akamfundisha mtoto kuniamkia, akarudi ndani. Kutoka jikoni nilisikia nazi ikikunwa.

Nilimwambia Bi Mwanakheri nimekuja kutaka radhi. Nilimwambia yote, semina, muhuri, sweta, na kwamba sikuja mapema kwa aibu. Nililia, na sioni haya kuandika. Alinisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani.

"Aa, Bi Rukia," akasema. "Hakuna tatizo. Yale yashapita. Kunywa sharubati, itapoteza baridi."

Miaka yote aliniita Rukia. Nikamwambia basi twende jikoni, nikamsaidie Saumu kukuna nazi kama zamani. Nilikuwa nishainuka.

"Mgeni haingii jikoni, bibi," akanambia kwa upole. "Kaa. Jikoni kuna moshi."

Nikakaa. Nikanywa sharubati yangu mpaka chini. Tukazungumza mvua, na barabara, na nani kafa. Latifa, hilo kauntabuku lina majina arubaini na tatu, na wengi mimi sijatia mguu kwao kwa miaka, fomu zao tu ndizo ninazozijua. Anza na wao. Nenda mara tatu, tazama unakalishwa wapi, na fomu zitupe.

Nilipoaga, Bi Mwanakheri aliinuka kwa shida, akavaa viatu vyake, akachukua kanga yake ya kutokea nje. Kuku walikuwa uwani, mlango uko wazi nyuma yetu, na hapana aliyepiga kelele. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimama juani pamoja na mimi mpaka gari ikaja, akaniambia karibu tena, karibu sana.